Jopo la wataalamu linajuaje teknolojia ipi itafika mbali?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya uhandisi wa kemikali na natakiwa kuchagua mada ya utafiti. Kila mwaka nakutana na orodha za "teknolojia kumi zinazoibukia", na kila moja inasema imeandaliwa na jopo la wataalamu wa fani mbalimbali. Mwaka huu betri za elektroliti yabisi (zenye kitu kigumu badala ya kimiminika kati ya ncha zake) zimo, mwaka unaofuata hazimo. Nina maswali mawili. Kwanza, hawa watu wanajuaje? Mtaalamu wa betri nitamwelewa akizungumzia betri, lakini daktari, mwanasheria na mtu wa kilimo wanatafuta nini kwenye meza hiyo? Pili, niichukue orodha ya namna hiyo niitumie kuchagulia kazi ya maisha yangu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimekaa kwenye majopo hayo kwa miaka mingi, mara chache kama mwanajopo, mara nyingi zaidi kama mwezeshaji, yaani yule anayetunga dodoso, anayekusanya alama na kuwauliza watu kwa nini wamesema walichosema. Nitakujibu kwa niliyoyaona mezani, na nianze na jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa: jopo zuri halitabiri. Linatafuta kizuizi kilichoondoka.

Mawazo mapya hayana uhaba. Maombi ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, peke yake yanazidi milioni 3 kwa mwaka duniani. Lakini karibu kila wazo lina kitu kilicholikwamisha: joto, gharama, sumu, sheria, malighafi adimu, au mashine ya kulitengeneza haipo. Siku kitu hicho kinapolegea, wazo lililolala miaka thelathini linaamka na watu wanadhani limezaliwa jana. Na kizuizi, mara nyingi kuliko unavyofikiri, hulegezwa na mtu wa fani nyingine kabisa, asiyejua kwamba kuna mwenzake aliyekuwa akimsubiri. Hapo ndipo unapomwona daktari na mtu wa kilimo wameketi na mtu wa betri.

Kuhusu neno lenyewe nitapita haraka. Mwaka 2015 watafiti Daniele Rotolo, Diana Hicks na Ben Martin walizipitia fasili nyingi za teknolojia inayoibukia wakabaki na sifa tano: ni mpya kimsingi, inakua kwa kasi, imeanza kushikamana kiasi cha kuwa na umbo lake, ina athari kubwa, na imejaa mashaka. Iangalie hiyo ya tano. Jambo lisilo na mashaka haliibukii tena, limeshafika. Kwa hiyo anayekupa orodha bila mashaka yake amekupa nusu ya kazi.

Sasa, kwa nini mtaalamu mmoja, hata akiwa bingwa, hatoshi? Chukua Ernest Rutherford. Huyu ndiye aliyetufunulia kiini cha atomu mwaka 1911. Hapakuwa na mtu duniani aliyekijua kiini kuliko yeye. Septemba 11, 1933 aliuambia mkutano wa wanasayansi wa Uingereza kwamba anayetarajia kupata nishati kwa kubadilisha atomu anazungumza ndoto za mchana. Kesho yake Leo Szilard, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa mkimbizi London, aliisoma habari hiyo gazetini ikamkera. Akiwa anatembea barabarani, akisubiri taa za magari zimruhusu kuvuka, likamjia wazo: nyutroni moja, chembe ndogo mno isiyo na chaji, ikivunja kiini, na kiini hicho kikatoa nyutroni mbili, moto utajiendeleza wenyewe. Desemba 2, 1942 mjini Chicago tanuri la kwanza la nyuklia lilifanya hivyo hasa.

Rutherford hakuwa mzembe. Alikuwa akipiga viini kwa chembe zenye chaji, na chembe hizo husukumwa mbali na kiini, hivyo unatumia nishati nyingi kupata kidogo. Kwa njia aliyoijua alikuwa sahihi kabisa. Linalonigusa ni kwamba nyutroni, isiyo na chaji na isiyosukumwa na kitu, ilikuwa imegunduliwa mwaka 1932 na James Chadwick, tena katika maabara aliyoiongoza Rutherford mwenyewe. Kizuizi kilikuwa kimeondoka ndani ya nyumba yake, naye akaendelea kukiona pale pale. Aliyeona mlango uko wazi ni mtu aliyezoea kuvuka mipaka: Szilard alikuwa ameshaandikisha hataza za majokofu pamoja na Albert Einstein, na mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amesoma riwaya ya H. G. Wells iliyosimulia nishati ya atomu.

Bingwa hukosea kwa upande wa pili pia, kwa kuipenda mno kazi yake. Mwaka 1958 Herbert Simon na Allen Newell, waasisi wa akili unde, waliandika kwamba ndani ya miaka 10 kompyuta itakuwa bingwa wa dunia wa sataranji. Kompyuta ilimshinda bingwa Garry Kasparov mwaka 1997. Jambo lilitokea, ila lilichelewa kwa karibu miaka 30. Ukiweka fedha, chuo au ujana wako kwenye tarehe ile ya kwanza, kuwa sahihi hatimaye hakukusaidii.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni chanjo za mRNA, kwa sababu ndani yake unaviona vizuizi vikiondoka kimoja kimoja, kila kimoja katika chumba tofauti. mRNA ni ujumbe ambao seli huusoma ili itengeneze protini. Ulijulikana tangu 1961. Mwaka 1990 watafiti waliudunga kwenye misuli ya panya na misuli ikatengeneza protini waliyoitaka. Wazo la kuufanya dawa au chanjo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Lakini mwili ulipouona ujumbe uliotengenezwa maabara uliuchukulia kama adui, ukawasha uvimbe. Tena ujumbe wenyewe ni dhaifu, huvunjika upesi, na hujipenyeza kwa shida sana ndani ya seli.

Mwanabiokemia Katalin Karikó aliishikilia kazi hiyo miaka ambayo wafadhili waliona ni kupoteza fedha. Mwaka 1995 alishushwa cheo chuoni kwake. Miaka michache baadaye alikutana na Drew Weissman, mtaalamu wa kinga ya mwili, kwenye mashine ya kunakili karatasi, wote wawili wakisubiri zamu. Mmoja alijua kutengeneza ujumbe, mwingine alijua mwili unavyomtambua mgeni. Mwaka 2005 walionyesha kwamba ukibadilisha herufi moja ya ujumbe kwa nyingine inayofanana nayo, mwili unatulia. Kizuizi cha kwanza kimeondoka.

Cha pili kiliondolewa na watu wa mafuta. Wanakemia waliokuwa wakitafuta namna ya kufikisha dawa ya aina nyingine ya RNA kwenye ini walitengeneza vitone vidogo mno vya mafuta vinavyoifunika RNA na kuifungua ndani ya seli. Mwaka 2018 dawa ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa kwa ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva. Hawakuwa wakifikiria chanjo ya mafua wala ya korona. Cha tatu kilishughulikiwa na wataalamu wa maumbo ya protini waliokuwa wakichunguza virusi vya MERS, jamii ya korona: waligundua kwamba ukibadilisha asidi amino mbili tu, yaani vijenzi viwili vya protini, ule mwiba wa protini ulio juu ya virusi unabaki katika umbo ambalo kinga ya mwili inatakiwa kulizoea. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2017.

Hebu fikiria mwaka 2018 umewaweka watu watatu mezani, mmoja kutoka kila chumba, ukawauliza: ni nini kilikuwa kigumu kwenu miaka mitano iliyopita ambacho leo si kigumu tena? Kila mmoja angetoa kipande chake, na mtu wa nne, pengine daktari wa magonjwa ya mlipuko asiyejua kuchanganya hata kemikali moja, angeviunganisha. Ukimuuliza mmoja peke yake, atakuambia kuna vikwazo vikubwa viwili vimebaki, na atakuwa anasema kweli kwa anachokijua. Desemba 2020 chanjo hizo zilianza kuidhinishwa. Tuzo ya Nobel ya Karikó na Weissman ilikuja mwaka 2023.

Hilo swali la "nini kilikuwa kigumu, leo si kigumu?" nimelifanya la kwanza kwenye kila dodoso ninalotunga. Zamani nilianza kwa kuuliza "ni teknolojia gani itabadilisha dunia?", na majibu yakawa yale yale yaliyokwisha kuandikwa na kila gazeti.

Ulitaka kujua wanavyofanya kazi. Kwa kawaida wataalamu hupendekeza majina, na timu ndogo hupitia makala za kisayansi na hataza kuona ni wapi watu wapya wanamiminikia. Hapa kuna ucheleweshaji unaopaswa kuujua: ombi la hataza kwa kawaida huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa, hivyo unachokisoma leo ni mawazo ya mwaka juzi. Baada ya hapo wanajopo hutoa alama kwa vigezo, na mara nyingi hutumia ngazi za ukomavu zilizobuniwa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kuanzia 1, wazo la msingi, hadi 9, kifaa kinachofanya kazi mahali pake halisi. Sehemu hii ni ya ukarani, haina siri.

Siri iko kwenye namna ya kuwasikiliza. Ukiwaweka wataalamu ishirini chumba kimoja na kuwaacha wazungumze, baada ya nusu saa utakuwa na maoni ya watu watatu: mwenye cheo, mwenye sauti, na aliyeanza. Tatizo hilo lilishughulikiwa mapema miaka ya 1950 katika taasisi ya RAND, Marekani, na Norman Dalkey na Olaf Helmer. Swali lao la kwanza lilikuwa la kutisha: adui angehitaji mabomu mangapi ya atomu ili kupunguza kwa kiwango fulani uzalishaji wa silaha wa Marekani? Waliwauliza wataalamu saba, kila mmoja peke yake, bila kujua mwenzake amesema nini. Makadirio ya mwanzo yalikuwa kati ya 50 na 5,000. Kisha wakarudi kwa kila mmoja na maswali kuhusu sababu zake, wakimpa taarifa walizozitegemea wengine bila kutaja majina. Baada ya duru tano, na marekebisho ya watafiti, makadirio yalikuwa kati ya 167 na 360. Kazi hiyo ilikuwa siri; ilichapishwa mwaka 1963, na njia yenyewe ikaitwa Delphi. Japani iliichukua kwa uchunguzi wake wa sayansi na teknolojia wa mwaka 1971, ikiwauliza maelfu ya wataalamu, na imeurudia takriban kila miaka mitano. Ujerumani ilipotaka kufanya wa kwake miaka ya 1990 ilianza kwa kuazima maswali ya Wajapani.

Watu wengi wakiusikia mfano wa RAND hufurahia kwamba majibu yalikaribiana. Mimi sifurahii hilo sana. Majibu hukaribiana pia watu wanapochoka, au wanapoona aibu kuwa mbali na wenzao. Ninapopokea dodoso za duru ya tatu, macho yangu huenda kwa wale ambao hawakusogea. Mtu ameona wenzake kumi na wanane wamesema miaka mitano, yeye kabaki na thelathini, na sababu ameandika kwa mistari miwili. Nampigia simu. Mara nyingi ana ukaidi tu. Lakini mara moja katika kila mchakato, au mara mbili, ana jambo ambalo wengine wote hawakulijua, na hawakulijua kwa sababu halimo katika fani yao.

Nikuelezee kikao kimoja. Mtafiti wa sayansi ya malighafi alituletea utando mwembamba wa kuchuja maji. Takwimu zake zilikuwa nzuri na alama tulizompa mwanzoni zilikuwa juu. Mezani alikuwepo mama mmoja aliyefanya kazi viwandani miaka mingi, akisimamia mashine za kupaka na kukausha. Hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Akauliza, "Kipande kikubwa zaidi mlichotengeneza kina ukubwa gani?" Yule mtafiti akainua mkono, akaonyesha ukucha wa kidole gumba. Mama akauliza tena, "Na kukikausha kinachukua muda gani?" Saa kumi na nne. Hakuongeza kitu, aliandika tu kwenye karatasi yake. Wote tuliona: kuchuja maji kunahitaji utando wa mita nyingi za mraba unaotoka mashinani kama kitambaa, na huu ulikuwa ukucha mmoja kwa usiku mzima.

Ningekuwa na jopo la fani moja, hadithi ingeishia hapo, ama kwa utando kupita kwa sababu hakuna aliyeuliza, ama kwa kuachwa. Lakini kushoto kwake alikaa daktari wa mifugo. Yeye akamgeukia mtafiti akasema, "Mimi ukucha mmoja unanitosha. Nahitaji kitu cha kutenganisha tone la damu zizini, pasipo na maabara." Kikao kikabadilika hapo hapo. Saa kumi na nne za kukausha si kitu kama kipande kimoja kinakatwa vipimo mia. Teknolojia ile ile tuliiondoa kwenye kundi la maji, tukaipeleka kwenye kundi la vipimo vya magonjwa, na tukaandika sababu. Wale wawili hawakumfundisha mtafiti kemia yake hata chembe. Mmoja alimwonyesha kizuizi ambacho hakukiona, mwingine akamwonyesha mahali ambapo kizuizi hicho hakipo.

Je, orodha zenyewe zinaonekana kusadifu? Umoja wa kimataifa wa wanakemia, IUPAC, ulianza kutoa orodha ya teknolojia kumi zinazoibukia katika kemia mwaka 2019. Ya kwanza ilitaja vichocheo vya kikaboni vinavyotoa umbo moja tu la molekuli kati ya mawili yanayofanana kama kitu na taswira yake kiooni. Mwaka 2021 Benjamin List na David MacMillan wakapata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Ilitaja pia matumizi ya fuwele zenye vitundu vidogo mno, zinazojengwa kwa metali na molekuli za kikaboni, kuvunia maji hewani. Mwaka 2025 tuzo ikaenda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi, waliozijenga fuwele hizo. Orodha ya 2020 ilikuwa na chanjo za RNA. Inapendeza, lakini usiione kuwa ni ramli. List na MacMillan walichapisha kazi yao mwaka 2000, na Robson alianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Jopo lilitambua kinachoiva, na kuiva huonekana kwa anayeishi shambani.

Upande mwingine, jarida la MIT Technology Review lilitoa orodha yake ya kwanza mwaka 2001. Ilikuwemo uchakataji wa lugha asilia kwa kompyuta, na leo hakuna haja ya kueleza umefika wapi. Ilikuwemo pia mashine zinazounganishwa moja kwa moja na ubongo, ambazo zaidi ya miaka ishirini baadaye bado zinajaribiwa kwa wagonjwa wachache. Zote mbili zilistahili kuwemo. Kuwemo kwenye orodha hakukuambii mwendo.

Yapo makosa ambayo majopo huyarudia, nami nimeyashiriki. Kubwa, kwa maoni yangu, ni kudharau kitu kinachoshuka bei polepole. Seli ya jua ya silikoni ilionyeshwa katika maabara za Bell Labs, Marekani, mwaka 1954 ikigeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Tangu hapo, kila jumla ya paneli zilizotengenezwa ilipoongezeka maradufu, bei ilishuka kwa karibu moja ya tano. Hakuna siku moja ambayo mtu angeweza kusema "leo kizuizi kimeondoka". Kizuizi kilikuwa bei, na kililiwa kidogo kidogo na mafundi wa viwandani wasioandika makala. Makadirio ya nishati ya taasisi kubwa yalikuwa chini ya uhalisia mwaka baada ya mwaka. Majopo yetu yalipenda aina mpya za seli kwa sababu zilikuwa na habari ya kusimulia. Seli za perovskaiti, aina ya fuwele, kwa mfano, zilipanda kutoka asilimia 3.8 mwaka 2009 hadi zaidi ya 25 ndani ya takriban miaka kumi, na zinastahili kusifiwa, lakini hazistahimili unyevu na joto kama silikoni, na mwenye paa anataka kitu kitakachodumu miaka 25.

Kosa la pili linaniuma zaidi, nalo ni asiyekuwepo mezani. Kile kifaa kinachobana kidole na kupima oksijeni ya damu kwa mwanga kilisifiwa kila mahali, na kimeokoa watu wengi. Mwaka 1990 tayari ilichapishwa taarifa kwamba kwa wagonjwa wenye ngozi nyeusi hakisomi sawasawa. Mwaka 2020 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu ya weupe. Miaka thelathini imepita katikati hapo. Jopo lenye wahandisi, wanafizikia na madaktari wa kila aina linaweza kuwa la fani nyingi na bado likawa na pengo kama hilo. Fani nyingi hazitoshi. Wanatakiwa pia wale ambao kitu kitawabana kidole chao.

Na mwanasheria uliyemuuliza? David Collingridge alilieleza mwaka 1980: teknolojia ikiwa changa ni rahisi kuibadilisha lakini hujui itadhuru nini, ikishakomaa unajua inachodhuru lakini imeota mizizi. Mwanasheria na mtu wa sera wako pale kwa ajili ya kile kipindi kifupi ambacho bado mnaweza kuuliza. Baadhi ya wenzangu huwaona ni breki. Mimi nimewaona wakiokoa miradi, kwa kutaja mapema kibali ambacho kingesubiriwa miaka.

Turudi kwako na betri zako. Usichague kwa kuwa zimo, wala usiache kwa kuwa zimetoka. Kutoka mara nyingi huwa ni kwa sababu jopo linataka majina mapya. Betri yenyewe ya lithiamu inakuonyesha namna ya kusoma jambo hili. Miaka ya 1970 Stanley Whittingham alikuwa na betri ya lithiamu, lakini metali ya lithiamu ilikuwa hatari. Mwaka 1980 John Goodenough akapata malighafi bora ya upande chanya. Mwaka 1985 Akira Yoshino akaiondoa ile metali, akatumia kaboni itokanayo na mafuta ya petroli, na hatari kubwa ikaondoka. Sony ilipoiingiza sokoni mwaka 1991 ilikuwa na ujuzi wa kupaka tabaka jembamba kwenye ukanda mrefu, ujuzi uliotoka kwenye utengenezaji wa kanda za kurekodia. Watu wa kanda za muziki walikuwa na jibu la watu wa betri.

Sasa chukua elektroliti yabisi. Kitu kigumu kati ya ncha mbili hakiwaki moto kama kimiminika, na kinatupa matumaini ya kuirudisha ile metali ya lithiamu. Vizuizi ni vipi? Lithiamu huota vijiti vyembamba vinavyopenya hata kwenye yabisi. Ncha za betri huvimba na kunywea kila unapochaji, na yabisi mbili zinapoachana, hata kwa upana usioonekana, umeme haupiti. Elektroliti yabisi za salfaidi, yaani zenye salfa, zikigusana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye sumu, hivyo kiwanda kinahitaji vyumba vikavu sana. Tazama: cha kwanza na cha pili ni vya mtu wa nyufa na mkazo wa malighafi, cha tatu ni cha mtu wa uzalishaji. Kemia uliyosoma inagusa vyote, lakini haimiliki hata kimoja.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kujaza fomu. Chukua mada mbili unazozifikiria, na kwa kila moja andika sentensi moja inayotaja kizuizi kikuu, kwa kipimo: upana, muda, joto, bei, idadi ya mizunguko ya kuchaji. Ukishindwa kuiandika, bado hujaijua mada. Kisha wapelekee sentensi hiyo watu watatu ambao si wa idara yako: mmoja wa umakanika, mmoja aliyewahi kusimama kwenye mstari wa uzalishaji, na mmoja atakayekitumia kitu chenyewe. Usiwaulize kama mada ni nzuri, watakujibu kwa adabu. Waulize kama kwao kizuizi hicho kingali kigumu. Andika majibu kama walivyoyasema, hasa la yule asiyekubaliana na wenzake, halafu niletee hizo karatasi tuzisome pamoja.